Hodi ya Vidole

Shule ile haikuwa na jina. Iliwahi kuwa nalo, limeandikwa kwa rangi ya bluu juu ya geti, lakini kila mvua iliyopita iliondoka na herufi moja, na watu walipokuja kushtuka zilikuwa zimebaki mbili tu, na hakuna aliyekumbuka ni za neno gani. Basi wakasema tu shuleni. Naenda shuleni. Natoka shuleni. Ilikaa juu ya kilima. Chini ya kilima kulikuwa na ukungu, na ng'ambo ya ukungu hakuna aliyejua kuna nini, ila kila asubuhi watoto mia tatu walitokea humo na madaftari kwapani, na kila jioni wakarudi humo humo.

Ofisini kulikuwa na saa ya ukutani, na saa hiyo ilisomeka kulingana na anayeitazama. Mwalimu Mkuu akiitazama, watu walikuwa wamechelewa. Watoto wakiitazama, kengele ya kutoka ilikuwa bado kidogo. Mtoto mmoja, Tumpale, akiitazama, mishale ilisimama ikamtazama na yenyewe, kama vile inamngoja aseme kitu.

Na Tumpale alikuwa hasemi.

Bubu hakuwa. Nyumbani aliongea na kuku, akaongea na ndoo ikiwa inajaa, akaongea na kivuli chake njia nzima mpaka karibu na geti. Hapo getini sauti ilikaa chini na kukataa kuingia, kama mbuzi aliyeona maji. Alijaribu kuivuta. Alijaribu kuibembeleza. Mwisho akaizoea, akawa anaiacha pale asubuhi na kuipitia jioni, na kutwa nzima alikaa ndani ya mwili wake peke yake, kama mpangaji kwenye nyumba ambayo wenyewe wamesafiri.

Sasa, shuleni hapo kulikuwa na desturi. Hakuna aliyeingia darasani bila hodi. Hata kama umetoka kidogo kutema mate, ukirudi unasimama mlangoni, unasema hodi, mwalimu anasema karibu, ndipo unaingia. Siku ya kwanza Tumpale alisimama mlangoni pale tangu kengele ya asubuhi mpaka ya uji. Watoto walicheka mpaka wakachoka, wakaanza kumwonea huruma, wakachoka na huruma pia.

"We! Sema hodi, uji unapoa!" alisema Festo, kijana wa dawati la mbele ambaye mdomo wake haukuwahi kupata likizo. "Au umemeza ulimi na chai?"

Mwalimu Nsia ndiye aliyeinuka. Alikuwa mwanamke mrefu, mikono mirefu, vidole vyeupe kwa chaki hata siku ya Jumapili. Alikuja mpaka mlangoni, akachuchumaa, akaweka kidole kwenye fremu. Ko. Halafu ko ko. Pigo moja, kituo kidogo, mawili ya haraka.

"Ikikataa kutoka mdomoni, gonga hivi," alimwambia kwa sauti ya chini, siri yao wawili. "Nitajua ni wewe."

Tumpale akagonga. Ko. Ko ko.

"Karibu, mwanangu," alisema Mwalimu Nsia.

Tangu siku hiyo ikawa hivyo. Wakati wa kuita majina, wengine walisema "Nipo!" mpaka mabati yanatikisika, likifika jina la Tumpale, mwalimu aligonga meza yake, na Tumpale akajibu kwenye dawati. Ilikuwa lugha ya neno moja, na waliokuwa wanaijua duniani ni wawili. Na Tumpale, akitembea na kivuli chake jioni, aliwaza sana juu ya neno hilo. Hodi ya watu wengine inauliza: humo ndani mna mtu? Hodi yake yeye ilikuwa inauliza kitu kingine. Ilikuwa inauliza: huku nje kuna mtu? Mimi nipo? Na mwalimu akisema karibu, basi ndiyo akawa yupo, mpaka kesho yake asubuhi, ambapo ilibidi kuuliza tena.

*

Halafu kulikuwa na Siku Ile.

Watu wote wa ukunguni waliikumbuka Siku Ile, ila hawakukubaliana kama imepita au inakuja. Wengine walisema ilikuwa mwaka juzi. Wengine walisema ni mwezi ujao, na tayari walikuwa wamevaa nguo nyeusi wasije wakachelewa. Mtu aliingia shuleni Siku Ile, au ataingia, na silaha, na watoto hawakurudi nyumbani, au hawatarudi. Wote walikumbuka mambo matatu yale yale: kishindo, pu, pu, nyuma ya madarasa. Moshi mweupe. Na nyayo kwenye baraza, wayo mmoja unakanyaga kama kawaida, wa pili unapiga pwaa, pwaa, kama kitu kinachochanika taratibu.

Ndipo ukaitishwa mkutano wa wazazi. Ajenda ilikuwa moja, iliandikwa ubaoni kwa herufi kubwa: WALIMU WAPEWE BASTOLA.

Tumpale alisimama nje, dirishani, kwa sababu watoto hawakutakiwa ndani. Aliona yote.

Wa kwanza kusimama alikuwa Mzee Mapunda. Alikuja na mwanawe, Ezekia, kwa kuwa hakumwachia mkono hata kuingia chooni. "Jamani," alisema, na machozi yalikuwa yameshaanza, "mimi nilimzika mwanangu Siku Ile. Huyu huyu Ezekia."

"Baba, mimi hapa," alisema Ezekia, anatafuna karanga.

"Nyamaza, wewe huwezi kujua." Alifuta macho kwa kiwiko. "Polisi wapo bondeni. Mpaka wapate gari, mpaka gari lipate mafuta, mpaka lipande kilima hiki, watoto wameshakwisha. Nani yupo karibu na mtoto? Mwalimu. Sasa mwalimu atamzuia muuaji kwa nini? Kwa rula?"

Kusema kweli, alichosema kilikuwa na uzito.

Mama Eda, muuza vitumbua, akasimama na beseni lake. "Mimi nauliza tu, nisieleweke vibaya. Ni mwalimu huyu huyu aliyemtupia Eda wangu dasta ya kichwa kwa sababu ya sita mara saba? Leo ndiyo mnampa bastola? Na hiyo sita mara saba Eda bado haijui!"

Watu wakacheka, hata Mzee Mapunda akacheka huku analia.

"Mama, tuwe na nidhamu," alisema Mwalimu Mkuu.

"Nidhamu ninayo. Mwanangu ninaye mmoja."

Mwalimu Nsia akanyoosha mkono, akaruhusiwa. Aliongea polepole. "Nikishika hicho kitu, mtoto akiniangalia atamwona nani?"

"Atamwona mlinzi wake," alisema Mwalimu Mkuu.

"Sawa. Na mimi nikimwangalia mtoto, nitamwona nani?"

Swali hilo lilibaki linaelea hapo juu ya vichwa, kama nzi asiyepata pa kutua, mpaka Mwalimu Mkuu akasema tupige kura.

Mikono ikaanza kuinuka. Mwalimu Nsia aliangalia mikono ile, halafu akaangalia dirishani, akamwona Tumpale. Walitazamana. Tumpale alijua kabisa mwalimu anawaza nini, aliona picha inapita machoni mwake: baraza, moshi, na mtoto mmoja asiyeweza hata kupiga kelele za kuomba msaada. Na Mwalimu Nsia, huku anamwangalia yeye, akainua mkono wake mrefu.

Amenifikiria mimi, aliwaza Tumpale. Kile kitu amekichukua kwa ajili yangu.

Kisha Mwalimu Mkuu akasoma sheria. Kengele ikigongwa mara tisa, kila mlango unafungwa komeo, watoto wanalala chini ya madawati. Akija mtu mlangoni, mwalimu atauliza "Nani?" mara tatu. Asiyejitaja kwa jina lake mpaka ya tatu, huyo ndiye.

"Huyo ndiye nani?" aliuliza Mama Eda.

"Ndiye."

"Ngoja kwanza, baba. Hapa kwetu aliye nje ndiye anayepiga hodi mara tatu. Asipojibiwa, anajiondokea zake, hakuna ugomvi. Mbona nyie mmeigeuza?"

"Nyakati zimegeuka, mama."

Pale dirishani Tumpale alihesabu kwa vidole. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu. Halafu akashuka kilima. Getini akaikuta sauti yake imekaa, akaipitia. Nyumbani akamwambia kuku, "Tumpale." Akamwambia tena, "Ni mimi, Tumpale, usipige." Ilitoka vizuri kabisa. Kesho yake aliibeba moja kwa moja, ameuma meno isidondoke, na walipofika getini ikashuka ikakaa chini.

*

Bastola zilikuja kwenye maboksi ya chaki. Hakuna aliyezitaja kwa jina. Walimu walisema "kile kitu". Umekuja na kile kitu? Kile kitu kinaniumiza kiuno. Kila mwalimu alijaza fomu ya kupokea na kuweka dole gumba.

Kwanza hakuna kilichobadilika. Halafu vikaanza kubadilika vitu vidogo vidogo. Mwalimu mwenye kile kitu hatakiwi kugeuzia mlango mgongo, na ubao uko upande wa pili, kwa hiyo Mwalimu Nsia alijifunza kuandika kiubavu bila kutazama, na herufi zake zikalala, zikateleza, zikawa zinashuka ubaoni kama watu wanaokimbia. Mkono wa kulia ulikaa karibu na kiuno, chaki ikahamia kushoto. Zamani aliinama kwenye daftari lako mpaka ukasikia harufu ya sabuni ya kufulia. Sasa hakuinama, kwa kuwa ukiinama kile kitu kinachungulia. Alisahihisha akiwa amesimama, kwa mbali, na kosa kwa mbali halionekani vizuri. Watoto nao walihama. Hakuna aliyewaambia. Dawati la mbele likabaki tupu, halafu la pili, mpaka darasa zima likawa limejibana ukutani nyuma, hata Festo, na katikati pakawa na uwanja ambao mwalimu aliuangalia kila asubuhi kama mtu anayeangalia mto uliokula daraja.

Tumpale peke yake alibaki mahali pake. Kila asubuhi mwalimu aligonga, na yeye akajibu. Ila alianza kusikia tofauti. Mkono wa kushoto haukuwa na mdundo ule. Ko ko, ko. Au ko, na basi. Mwalimu alikuwa anasahau, au mkono wa kushoto haukufundishwa. Tumpale aliitikia vizuri zaidi, kwa nguvu zaidi, kama mtu anayemkumbusha mgonjwa jina lake.

*

Siku yenyewe ilikuwa siku ya kawaida. Ubao ulijaa. Mwalimu Nsia alichukua dasta mbili, akampa Tumpale.

"Nenda kanikung'utie hizi, mwanangu."

Hiyo ndiyo kazi aliyoipenda kuliko zote. Nyuma ya madarasa kulikuwa na ukuta na jua, na hakuna aliyemtaka mtu aseme kitu. Alishika dasta moja akaipiga ukutani. Pu. Akapiga ya pili. Pu. Pu. Chaki ikaruka, ikafumuka, wingu jeupe likapanda juu ya mabati, na ndani yake Tumpale aliona masomo yote ya wiki ile yanaelea: mito, wingi na umoja, sita mara saba. Alifurahi. Akapiga kwa nguvu zaidi.

Ndipo kengele ikalia. Kengele ilikuwa ringi ya lori iliyotundikwa mbele ya ofisi, na ikilia hata meno yanasikia. Tumpale alihesabu. Saba. Nane. Tisa.

Makomeo yakaanza kufungwa, darasa baada ya darasa, ka, ka, ka, ka.

Sheria ilisema ukimbilie darasani kwako. Akakimbia. Baraza lilikuwa refu kuliko alivyolizoea, milango yote imefumba macho. Kiatu chake cha kushoto kilikuwa kimebanduka soli tangu mwezi uliopita, na sasa kwenye sakafu ile tupu kilisikika chenyewe: wayo mmoja wa kawaida, wa pili pwaa. Pwaa. Pwaa.

Akasimama.

Alitazama nyuma. Wingu jeupe bado lilikuwa linapanda. Alitazama dasta mikononi mwake. Akatazama kiatu.

Kwa hiyo ni mimi. Wanayemkumbuka ni mimi. Mzee Mapunda anayelia analia kwa ajili yangu. Sijafanya kitu na tayari nimefanya. Nikikimbia, ndiye. Nikisimama hapa, ndiye. Nina mlango mmoja tu.

Akaufikia. Akaweka dasta chini, taratibu, akaweka kidole kwenye fremu, pale pale palipokuwa pamechimbika kwa hodi zake za miaka.

Ko. Ko ko.

"Nani?"

Ilikuwa sauti ya Mwalimu Nsia, lakini imesimama kiubavu, kama herufi zake.

Nani. Mimi. Mimi nani. Tumpale alifungua mdomo. Ulimi ulikuwa na chaki. Huko mbali getini sauti yake ilikuwa imekaa juani na haijui kinachoendelea.

Ko. Ko ko.

Kutoka ndani, chini kabisa, chini ya dawati: "Mwalimu. Huyo Tumpale huyo. Si ulimtuma dasta?"

"Nyamaza, Festo. Hata adui anaweza kugonga." Kisha, kwa nguvu: "Nani?"

Hiyo ya pili. Aliwaza kuondoka. Kwa desturi ya kwao angeruhusiwa kuondoka. Umebisha, hujakaribishwa, unajiondokea zako, hakuna ugomvi. Lakini mlango ulikuwa wa mbao nyembamba, na ukiondoka mtu anasikia pwaa, pwaa. Alijua komeo, kule ndani, liko usawa wa kifua chake. Mkono wa mwalimu nao, akiwa amesimama, ungekuwa usawa huo huo. Walikuwa wanatazamana, yeye na ule mkono, unene wa kidole kati yao.

"Nani?"

Ya tatu.

Tumpale akagonga. Hakugonga kwa nguvu. Aligonga kama siku ya kwanza, kama mtu aliyefundishwa sasa hivi.

Ko.

Ko ko.

Halafu kukawa kimya, na kimya kile kilikuwa kirefu sana, humo ndani yake mvua ilikuja ikaondoka na herufi ya mwisho juu ya geti, watoto wakamaliza shule wakaleta watoto wao, Ezekia akamzika baba yake, saa ya ofisini ikapata kutu, na Tumpale alisimama tu, kidole kwenye fremu, akawa mzee, akawa fremu, akawa alama kwenye fremu ambayo mtu anapitisha mkono na kujiuliza hapa palikuwa na nini. Na swali lake likawa lile lile. Huku nje kuna mtu?

Ndani, kitu kizito kikawekwa juu ya meza. Chuma juu ya mbao.

Komeo likafunguka.

Mwalimu Nsia alikuwa amelowa jasho mpaka shingoni. Nyuma yake, ng'ambo ya uwanja ule mtupu, macho arobaini chini ya madawati. Aliangalia dasta mbili sakafuni. Aliangalia vumbi jeupe kwenye nywele za mtoto. Akachuchumaa, usawa ule ule wa siku ya kwanza.

"Kwa nini hukusema?" alinong'ona. "Kwa nini hukusema, mwanangu?"

Hapo Tumpale alisikia kitu kinakuja mbio barazani, kinahema, kimechelewa. Ilikuwa sauti yake. Ilimwingia mdomoni na vumbi lake lote.

"Hodi yangu hukuijua?"

Darasa zima lilisikia. Hakuna aliyewahi kuisikia, na Festo akafunga mdomo kwa kiganja.

Mwalimu Nsia angeweza kusema hapana. Ingekuwa rahisi kwa wote wawili. Aliangalia mkono wake wa kulia, akaufungua na kuufumba, kama anauuliza wenyewe.

"Niliijua," alisema. "Tangu ya kwanza niliijua."

*

Jioni ile Mwalimu Nsia alikirudisha kile kitu ofisini. Mwalimu Mkuu alikitazama, akamtazama na yeye, akamweleza kwa upole kwamba fomu ya kupokea ipo, ila ya kurudisha haikuchapwa. Wakabaki wamesimama pande mbili za meza, na kile kitu katikati. Kilikuwa bado pale Mwalimu Nsia alipotoka, mikono mitupu, na hakugeuka.

Kesho yake alikuja na chaki mkono wa kulia. Aliwageuzia mgongo, akaandika tarehe, na herufi zilikuwa zimesimama wima. Watoto wakaanza kusogea mbele, mmoja mmoja, kwa kujaribu, kama watu wanaokanyaga daraja jipya.

Akaita majina. Nipo! Nipo! Nipo! Alipofika kwa Tumpale hakulitamka jina. Aliweka kidole mezani, mkono wa kulia, akagonga kama zamani, mdundo ule ule, bila kosa hata moja. Ko. Ko ko.

Akangoja.

Tumpale aliangalia kidole chake kwenye dawati. Asubuhi hii sauti haikubaki getini. Ilipita naye bila hata kugeuka, na ilikuwa imekaa mdomoni, tayari, kama ya kila mtu.

"Nipo," alisema.

Mkono wa Mwalimu Nsia ulibaki juu ya meza. Halafu akainamisha kichwa, akaweka alama ya vema mbele ya jina, akaita linalofuata.